Orodha ya Januari, mwandishi mmoja mwaka mzima, au kitabu kilichoko mkononi?

Mwaka ukianza, msomaji wa vitabu hurudiwa na swali lile lile: mwaka huu nisome nini, na nivichague vipi? Njia zinazotumika sana ni tatu. Wako wanaoandika majina ya vitabu vyote mwezi wa Januari, kisha wakayafuata. Wako wanaomchukua mwandishi mmoja na kukaa naye mwaka mzima. Na wako wasiopanga lolote: kimoja kikiisha, mkono unakwenda rafuni. Zote tatu zina watu waliozishika miaka mingi bila kujuta, lakini hazimfai kila mtu, na kila moja ina mahali pake pa kukwama.

Kipimo kwanza. Mipango mingi ya kusoma hufa kwa sababu mtu alipanga akitazama rafu badala ya kutazama saa. Chukua riwaya ambayo hujaisoma, anzia sura ya pili, kwa kuwa ya kwanza hucheleweshwa na majina mapya ya wahusika. Simu iweke chumba kingine. Soma dakika 20 kwa mwendo wako wa siku zote, halafu hesabu kurasa. Tuseme zimetoka 12: hizo ni kurasa 36 kwa saa. Ukiweza nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata saa mbili na nusu, yaani kurasa 90 kwa wiki.

Mwaka una wiki 52, ila usizihesabu zote. Toa nne za Ramadhani kama unafunga, maana jioni za mwezi huo zina kazi nyingine. Toa mbili za Desemba, za safari ya kwenda nyumbani. Toa mbili za harusi, misiba na homa. Zinabaki 44, na 44 mara 90 ni kurasa 3,960. Punguza robo kwa ajili ya siku ambazo utafungua kitabu na usingizi ukushinde; zinabaki 2,970. Kwa riwaya za kurasa 200, hivyo ni vitabu 14, na cha 15 kimebaki kurasa 30. Aliyejiandikia vitabu 40 kwa mwendo huu amejipa kazi ya miaka miwili na miezi minane, na ifikapo Aprili ataanza kujiona mvivu wakati kosa lilikuwa la hesabu.

Ukishakuwa na namba yako, njia zenyewe zinalinganika hivi:

| | Orodha ya Januari | Mwandishi mmoja | Kilichoko mkononi |
|---|---|---|---|
| Vitabu vya kuwa navyo mwanzoni | vitatu vya kwanza | vyote | vitano vya kuchagulia |
| Hukwama wapi | kitabu kizito kikifuatwa na kizito | kitabu cha tatu | kazi zikizidi, mkono huenda kwenye rahisi tu |
| Inamfaa | anayeahirisha vitabu vizito | anayetaka kuzama | aliyeacha kusoma muda mrefu |

Orodha ya Januari

Nguvu ya orodha ni kwamba inaviingiza vitabu ambavyo hamu peke yake haiwezi kuvileta. Hakuna mtu anayerudi kutoka kazini Jumatano, amebanwa kwenye daladala saa nzima, akasema leo nina hamu ya utenzi wa karne ya 19. Kitabu cha namna hiyo kinasomwa kwa sababu kiliandikiwa nafasi.

Faida ya pili inahusu upatikanaji, na msomaji wa Kiswahili anaijua kwa uchungu. Riwaya nyingi nzuri za miaka ya 1970 na 1980 zilichapwa, zikaisha madukani, na nakala zinaonekana kwa kubahatisha. Orodha iliyoandikwa mapema inakupa miezi ya kutafuta. Riwaya zilizowahi kutahiniwa shuleni ndizo rahisi kupata: Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri zilitahiniwa Kenya, kwa hiyo zimejaa hata kwa wale wauzaji wa mitumba wa Nairobi wanaotandaza vitabu chini, wanaoitwa Inama Bookshop kwa sababu huwezi kusoma majina bila kuinama. Kitabu kisichowahi kuingia shule kitafute kwanza, kisha ndipo ukiandikie mwezi.

Kinachoharibika ni mpangilio. Mtu huandika majina kwa jinsi yalivyomjia kichwani, basi vitabu vitatu vizito vinafuatana Februari, Machi na Aprili, na cha pili kati ya hivyo ndicho kinachoua orodha. Msomaji hakimalizi, anaona haya kukiruka, wala hafungui kingine. Wiki sita zinapita hivyo.

Dawa yake ni kuandika nafasi zaidi kuliko majina. Kama mwaka wako ni vitabu 14, andika majina manane tu. Kati ya hayo, vizito viwe viwili, kimoja Februari na kingine Septemba, na mbele na nyuma ya kila kizito uweke kitabu kinachokwenda kwa kasi, mathalani upelelezi wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Nafasi sita zilizobaki zipe aina bila jina: diwani ya mashairi, wasifu wa mtu, tafsiri, kitabu cha kurudia, kitabu ulichopewa na mtu, na moja tupu kabisa. Mtu wa Januari hawezi kumjua vizuri mtu wa Agosti, basi amwachie mahali.

Neno kuhusu wale wanaopanga kwa idadi peke yake, vitabu 30 au 50. Ukihesabu vitabu, vyembamba vinaanza kung'aa kuliko vinene, na wembamba hudanganya. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni kijitabu. Anayekimbilia namba atakimaliza kwa jioni mbili na kutoka mikono mitupu, kwa sababu kila ukurasa wake unataka kusimama. Ni afadhali kuhesabu saa: saa mbili na nusu kwa wiki ni saa mbili na nusu, kitabu kiwe chembamba au kinene.

Mwandishi mmoja mwaka mzima

Hii ndiyo njia inayolipa kuliko zote kwa msomaji aliyekwisha kuwa na mazoea ya kusoma. Unaanza kuusikia mkono wa mwandishi: anachokirudia, anachokikwepa, lini alibadilika.

Chukua Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar. Kwa mwaka wa kuchapwa, kazi zake tano kuu zinakwenda hivi: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979), Vuta n'Kuvute (1999), Haini (2003), kisha Mbali na Nyumbani (2013). Lakini riwaya nne za kwanza kati ya hizo zina mfuatano mwingine, wa matukio ya Zanzibar yenyewe. Kuli inahusu makuli wa bandarini na mgomo wao wa 1948. Vuta n'Kuvute iko kwenye miaka ya mwisho ya ukoloni. Kasri ya Mwinyi Fuad inafika kwenye Mapinduzi ya 1964. Haini inaingia gerezani, katika kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar Aprili 1972.

Je, uzifuate kwa mwaka wa kuchapwa au kwa matukio? Ukifuata kuchapwa, unaona mwandishi akikomaa, na utalisikia pengo la miaka 20 kati ya Kuli na Vuta n'Kuvute: wahusika wa baadaye wana undani zaidi, si watu wa upande mmoja tu. Ukifuata matukio, kila kitabu kinakuandalia kinachofuata. Ukishasimama na makuli wa 1948, hasira za baadaye hazikushangazi, na ukiingia kwenye seli za Haini unajua matumaini gani yaliyovunjika. Kwa anayemsoma mara ya kwanza, matukio ndiyo njia. Mfuatano wa kuchapwa umfae anayerudia. Mbali na Nyumbani ni masimulizi ya safari za ujana wake mwenyewe, kwa hiyo unaweza kukiweka popote, ila kinapendeza mwishoni, ukiwa unataka kumjua mtu aliyeziandika zile nne.

Kwa Kezilahabi hakuna hiari hiyo: fuata miaka ya kuchapwa. Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinasimulia kwa njia ambayo msomaji wa riwaya ameizoea, ingawa Kichwamaji tayari inaanza kuuliza maswali mazito ya maisha na kifo. Nagona (1990) na Mzingile (1991) zinaiacha njia hiyo kabisa. Wengi wanaosema Kezilahabi hasomeki waliingilia mlango wa nyuma: waliona kitabu chembamba, wakaanza nacho. Ukipanga mwaka wake, Nagona ihesabu kama vitabu viwili, kwa sababu itabidi uisome mara mbili, na uwe na Mzingile karibu, maana hizo mbili ni ndugu. Diwani yake ya Kichomi (1974), iliyotangulia katika mashairi huru ya Kiswahili, isambaze mwaka mzima: shairi moja Ijumaa usiku, si diwani nzima kwa siku mbili.

Hatari ya njia hii ni kuchoshwa na sauti moja, na mara nyingi hutokea kwenye kitabu cha tatu. Unaanza kubashiri sentensi kabla hazijafika, na badala ya kufurahi unachoka. Kwa hiyo usisome viwili vya mwandishi huyo mfululizo. Kati ya kimoja na kingine weka kitabu cha mahali pengine kabisa. Baada ya Vuta n'Kuvute, kwa mfano, Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inakutoa visiwani. Mwandishi wa vitabu vitano, vikitenganishwa hivyo, anachukua vitabu tisa au kumi vya mwaka wako, na bado zinabaki nafasi nne au tano.

Hatari nyingine ni kukosa kitabu katikati ya safari. Kabla ya kuanza, hakikisha vyote viko nyumbani au unajua rafu ya maktaba vilipo. Ukiazima, linganisha muda wa kuazima na mwendo wako: kwa kurasa 90 kwa wiki, kitabu cha kurasa 400 kinataka wiki nne na nusu. Ukipewa wiki mbili, panga safari ya kuongeza muda, la sivyo utakimbia kurasa za mwisho, ambako mwandishi alikuwa amekuwekea kilicho bora.

Mwaka wa mada ni jamaa ya karibu ya njia hii, na humfaa asiyetaka kufungwa na mtu mmoja. Mada ikiwa kifungo, mathalani, Haini inaweza kuwekwa kando ya Sauti ya Dhiki (1973), mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyatunga akiwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972. Mmoja anasimulia, mwingine anaimba kutoka ndani ya kuta zenyewe. Chagua mada finyu. "Historia ya Afrika" si mada ya mwaka, ni ya umri.

Kitabu kilichoko mkononi

Aliyepitisha miaka miwili bila kumaliza kitabu asianze na orodha wala na mwandishi mmoja. Aanze hapa. Kinachomrudisha mtu kwenye kusoma ni kumaliza, na kinachommalizisha ni hamu.

Hata hivyo, kutopanga kukiachwa hivi hivi kunaleta mambo mawili. Kwanza, utasoma kitabu cha aina moja mwaka mzima bila kujijua. Pili, utanunua kuliko unavyosoma, kwa sababu hamu ya kununua na hamu ya kusoma zinafanana sana zikiwa bado dukani. Rafu ndogo inatibu yote mawili. Chagua vitabu vitano vya aina tofauti, viweke mahali pa peke yake, na usichague nje ya hivyo. Ukimaliza kimoja, ingiza kimoja. Usiku wa kuchagua, soma ukurasa wa kwanza wa kila kimoja na ukurasa mmoja wa katikati, jumla dakika 15. Ukishindwa kuamua, chukua kilichokaa muda mrefu zaidi. Kitabu kikikaa mwaka mzima kwenye rafu hiyo bila kuchaguliwa, mpe mtu.

Kuacha kitabu au kukimaliza

Hili linagusa njia zote tatu. Walimu walitufundisha kumaliza, na kwa mtihani ilikuwa sawa. Kwa kusoma kwako mwenyewe, weka kituo kwenye ukurasa wa 50, au robo ya kitabu kikiwa chembamba. Hapo jiulize: nataka kujua kitakachotokea? Kama sitaki, je, lugha yenyewe inanipa kitu? Jibu likiwa hapana mara mbili, kifunge na uandike kurasa ulizosoma, maana nazo ni kusoma. Likiwa ndiyo hata mara moja, endelea. Vitabu vya namna ya Nagona visipimwe hivi: kimalize kwanza, kiache mwezi, ukirudie, kisha ndipo uhukumu.

Angalia pia usichoke na kitabu kizuri kwa sababu umekisoma saa mbaya. Kitabu kinachosomwa saa nne usiku peke yake kinakuwa dawa ya usingizi. Kihamishie asubuhi kwa siku tatu kabla ya kukiacha.

Kuhusu kusoma kimoja kwa wakati au vitatu, vitatu vinawezekana vikiwa na kazi tofauti: kizito cha mezani, chepesi cha mkobani, mashairi ya kitandani. Riwaya mbili za mji mmoja na kipindi kimoja hazikai pamoja. Baada ya wiki utakuwa umempeleka mhusika wa hii kwenye nyumba ya ile.

Karatasi au simu

Karatasi inashinda kwa riwaya ndefu na mashairi, na sababu ni ya kawaida tu: kitabu hakipigi kelele za ujumbe. Simu inashinda kwenye foleni na umeme ukikatika. Ukitumia simu, zima intaneti kwanza, na tafuta faili ambalo maandishi yake hujipanga upya ukikuza herufi. Kurasa zilizopigwa picha hazijipangi: utakuwa unasukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari, na mwendo wako wa kurasa 12 utashuka vibaya. Pima upya dakika 20 kwa simu, usitumie namba ya karatasi. Na nakala za bure zinazozunguka kwenye makundi ya ujumbe ziache. Soko la riwaya za Kiswahili ni dogo, na kila nakala isiyonunuliwa inamsogeza mchapishaji mbali na kuchapa tena.

Daftari

Bila kumbukumbu hutajua njia ipi ilikufaa. Daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha miaka mingi. Kila kitabu kipe nusu ukurasa: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza au kuacha, idadi ya kurasa, aliyekupendekezea, na kwa nini ulikichagua siku ile. Sababu hiyo iandike siku ya kuanza, kabla kitabu hakijakubadilisha mawazo. Chini yake andika sentensi tatu usiku wa kumaliza: kilichotokea, kilichokushika, na ukurasa mmoja utakaourudia. Ukichelewa wiki moja, sentensi ya pili hupotea.

Safu ya aliyekupendekezea ndiyo yenye faida kubwa, ingawa wengi huiruka. Baada ya miaka miwili utaona kwamba vitabu vya rafiki fulani unavimaliza vyote na vya mwingine unaviacha ukurasa wa 60. Huyo wa kwanza muulize kila Desemba.

Mwisho wa Juni fungua daftari na uhesabu kurasa. Ukiwa chini ya theluthi moja ya namba yako, usiongeze mwendo. Futa majina mpaka yaliyobaki yatoshe wiki zilizobaki, ukianza kufuta na yale uliyoyaweka kwa ajili ya watu wengine. Ukiwa na orodha na umekwama wiki tatu kwenye kitabu kimoja, hamia rafu ndogo mpaka umalize viwili, ndipo urudi.

Na anayeanza Agosti asingoje Januari. Kuanzia Agosti mpaka Desemba kuna wiki 22. Toa mbili za safari na moja ya harusi, zinabaki 19. Kwa mwendo wetu wa kurasa 90, ukipunguza robo, hizo ni kurasa 1,280 hivi. Anza na Kuli, ufuate na Vuta n'Kuvute, kisha Kasri ya Mwinyi Fuad, ukipumzika kwa Bwana Msa mmoja kati ya kimoja na kingine, na Haini uiache kwa Novemba, kabla mizigo ya safari haijaanza kufungwa.